Mtu Asimamaye Kando ya Njia

Liko swali ambalo wengi hulidharau: Je, mtu atazamaye mashindano ana wajibu wo wote, au wajibu wote ni wa hao washindanao? Wengine husema, “Mimi sishindani, nimekuja kutazama tu. Nitapata wapi hatia?” Basi na tulipime neno hili kwa mfano wa mashindano ya baisikeli ya Ufaransa yaitwayo Tour de France.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1903. Siku hizi huchukua majuma matatu, nayo yamegawanyika katika safari 21, ambazo jumla yake hupita kilometa 3,000. Muda wa safari zote huhesabiwa pamoja, naye aliyetumia muda mfupi kuliko wenzake huvaa fulana ya manjano. Lakini hayafanyiki uwanjani. Hupita katika barabara za watu wote, vijijini na milimani, wala asimamaye kando ya njia hatozwi kitu. Huko milimani, mahali pengi hapana ua wo wote wa kuzuia watu. Mpanda baisikeli hupita katikati yao hali amechoka kabisa, hata mkono wa mtazamaji waweza kumgusa. Ukaribu huo ni zawadi kubwa, tena ni jaribu.

Mwaka 1975 Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyekwisha kushinda mara tano, alikuwa akipanda mlima wa Puy de Dôme, naye amevaa fulana ya manjano. Alipokaribia kileleni, mtazamaji mmoja alimpiga ngumi ubavuni. Siku mbili baadaye Bernard Thévenet wa Ufaransa akaitwaa fulana ile, na mwisho Merckx akawa wa pili. Hakuna awezaye kupima ngumi ile ilimpunguzia nguvu kiasi gani. Lakini tazameni, ilimdhuru Thévenet pia. Maana ushindi alioupata kwa jasho lake mwenyewe hutajwa hata leo pamoja na ngumi ambayo yeye hakuipiga.

Tena tarehe 26 Juni, 2021, katika safari ya kwanza iliyotoka mji wa Brest, mtazamaji mwingine alisimama ukingoni mwa barabara ameshika karatasi ngumu yenye salamu kwa babu na bibi. Uso aliuelekeza kwa wapiga picha, na mgongo kwa hao waliokuwa wakija mbio. Tony Martin wa Ujerumani akaigonga karatasi ile, akaanguka, na wenzake wengi wakaanguka pamoja naye. Baadaye korti ilimtoza mtazamaji huyo faini ya euro 1,200.

Watu hawa wawili hawafanani. Wa kwanza alinyosha mkono kupiga. Wa pili hakumchukia mtu, bali alikuwa na upendo kwa wazee wake. Ni haki kuwapambanua. Walakini aangukaye barabarani huumia vile vile, awe ameangushwa kwa chuki au kwa usahaulifu. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba amri ya tano haikatazi kuua tu. Yatutaka tusiudhuru mwili wa jirani, tena tumsaidie. Na jirani ni nani hapo barabarani? Ni yule apitaye mbele yangu kwa nukta chache, ambaye labda sitamwona tena. Upendo unaomsalimu aliye mbali na kumpa kisogo aliye karibu umepotea njia.

Je, heri tukae nyumbani? La, sivyo. Kumfurahia mtu ajitahidiye ni jambo jema. Mwezi wa Septemba, 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na furaha ya namna hiyo imefika milangoni petu. Na tupige makofi, tena kwa wa mwisho kama kwa wa kwanza. Lakini mpenzi wa kweli hujulikana kwa neno dogo: humpisha yule ampendaye. Hatafuti kuonekana, wala hataki ushindi ambao mwenzake hakuushindania. Basi, kila tusimamapo karibu na kazi ya mwingine, iwe barabarani, shuleni au kanisani, tujiulize: Je, nimempenda yeye, au nimejipenda mimi mbele yake?