Masafa ya Umma na Haki ya Kusema

Suala la nani anayemiliki mawimbi ya redio yanayopita juu ya mji huachiwa wahandisi na wanasheria, ilhali kiini chake ni swali la kale la maadili: ni vitu gani ambavyo binadamu hawezi kumzuilia mwenzake bila kumdhulumu? Fikihi ya Kiislamu hulikaribia swali hili kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, inayowahesabu Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni walioifafanua walitofautisha maji ya mtoni, ambayo hayana mwenyewe, na maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni, ambayo ni mali ya aliyeyateka kwa kuwa yamebeba jasho lake.

Tofauti hiyo inayafaa sana masafa, yaani mafungu ya mawimbi yanayotengewa mawasiliano ya namna mbalimbali. Hakuna mtu aliyeyaumba, na serikali inayoyagawa kwa leseni huyagawa kama mdhamini, si kama mwenye mali. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu mafungu kadhaa, likiwamo lile la gigahezi 2.4 linalotumiwa pia na majiko ya mikrowevu, yatumiwe na vifaa vya mawasiliano vya nguvu ndogo bila leseni, na humo ndimo ilimokuja kukulia waifai, intaneti isiyohitaji waya. Hayo ndiyo maji ya mtoni. Mkongo wa mawasiliano, rauta, umeme na ujira wa fundi ni maji ya chomboni. Kwa hiyo anayedai kwamba haki inataka intaneti ya mjini iwe bure kabisa anadai jasho la mtu, lakini anayemtoza mkazi wa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, zaidi ya gharama ya kuteka na faida ya wastani anakuwa anauza mto wenyewe. Bei nafuu, kwa mtazamo huu, si hisani ya mwenye nacho. Mtandao wa jamii wa TunapandaNET, uliounganisha shule na vituo vya vijana ndani ya Kibera, umesimama juu ya fikra inayokaribiana na hiyo, kwani wanaoutumia ndio wanaoshiriki kuujenga na kuutunza.

Hata hivyo hoja ya maji ina mpaka, na hapa ndipo wapangaji wengi wa miji wanapojikwaa. Maji hunywewa tu, ilhali mawasiliano yana pande mbili. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inapotaja uhuru wa kujieleza huunganisha kutafuta habari, kuzipokea na kuzitoa, na haikusudii kwamba kitendo cha tatu ni pambo la viwili vya kwanza. Ahadi ya serikali ya mwaka 2022 ya kuweka vituo 25,000 vya waifai ya umma inaweza kutimizwa kwa hesabu na bado ikamwacha kijana wa Mathare, mtaa mwingine wa Nairobi, akiwa mtazamaji wa mambo ya wengine. Aristotle alimwita binadamu kiumbe wa kisiasa kwa sababu ana usemi unaoweza kubainisha haki na dhuluma. Anayefunguliwa mlango wa kusikia peke yake amepewa nusu ya uraia, tena ile nusu isiyomsumbua mtawala.

Vijana wa mitaa ya Nairobi walilielewa jambo hilo kabla ya waifai kufika kwao. Koch FM ilianzishwa Korogocho mwaka 2006, ikatangaza kutoka ndani ya kontena la mizigo. Pamoja FM ikafuata Kibera mwaka 2007, na redio hizo za jamii ziliwekwa kwenye masafa yaleyale ya megahezi 99.9, kila moja kwa nguvu ndogo ili isiimeze nyingine. Mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walitembea vijijini mwao na vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakachora vyoo, zahanati na mabomba ya mtaa ambao ramani rasmi ziliuacha kama pengo. Mwaka uliofuata, Kibera News Network ikaanza kupiga picha za video ambazo, kwa bei ya bando za wakati huo, kuzipakia mtandaoni kulikuwa gharama ya kweli.

Hujibiwa kwamba sauti isiyo na mlinzi huchochea fitina, na pingamizi hilo lina uzito, kwani Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ililaumu baadhi ya matangazo ya redio za lugha za mama kwa uchochezi wa kipindi cha uchaguzi wa 2007. Lakini katika miezi hiyohiyo Pamoja FM ilisihi watu wa Kibera watulie, nayo ilisikilizwa kwa sababu waliosema walikuwa majirani wa waliosikia.

Linabaki suala la wanaoshikilia masafa wasiyoyatumia. Fikihi ya umwagiliaji humruhusu mwenye shamba la juu kuyazuia maji mpaka yamfike kwenye vifundo vya miguu, kisha humlazimu ayaachie yateremke kwa wa chini. Jaribio lililofanywa karibu na Nanyuki kuanzia 2013 lilionyesha kwamba nafasi tupu zilizobaki kati ya chaneli za televisheni zinaweza kubeba intaneti pasipo kumwingilia mwenye leseni, na hivyo kisingizio cha ufundi hakimtoshi tena wa juu anayekataa kuachia.