Mto wa Kiogoro na Bahari ya Methali: Swali la Haki katika Elimu

Karo ya shule za msingi ilipofutwa nchini Kenya mwezi wa Januari 2003, wengi waliridhika kwamba mtoto wa mkulima amefunguliwa mlango sawa na wenzake. Je, kuingia kwatosha? Methali "Maji yakijaa hupwa" ni zao la pwani. Mtoto wa Kiogoro, katika milima ya Kisii, aliyelelewa kwa Ekegusii na asiyepata kuiona bahari, huenda akaieleza kwa mto uliofurika wakati wa masika, kisha ukapungua. Msahihishaji anayeshikilia bahari atamnyima alama. Na tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, alama hizo zimechangia kuamua nani aendelee na nani abaki shambani. Nitajibiwa, na kwa haki, kwamba si kila fasiri hukubalika. Lakini mto huo wathibitisha jambo lile lile: neema ina ukomo. Ajabu ni kuwa sisi wahakiki, tunaofundisha kwamba maana huzaliwa baina ya matini na msomaji, ndio tunaowafunza wasahihishaji hao. Msomaji tuliyemkusudia aghalabu hakutoka Kiogoro.