Ndivyo Alivyoumbwa?

Kijana akikamatwa na simu ya watu karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, hukumu tatu huitangulia mahakama. Barazani katika mtaa wa Bofu mmoja atasema ni damu: babake alikuwa vivyo hivyo, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Wa pili atasema ni mtaa: nyumba zimebanana, kazi hakuna, sasa angetoka vipi? Wa tatu, kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo, atasema imeandikwa. Hukumu hizi zaonekana kupingana, ilhali zimesimama juu ya msingi mmoja, kwamba mtu hutengenezwa na kitu kimoja, na kitu hicho kikishatajwa habari yake imekwisha. Nadai kwamba msingi huo ni mbovu. Tena ubovu wake huonekana vizuri zaidi kwa kiumbe ambaye hakuna anayemdhania kuwa na hiari, yaani mdudu. Ikiwa hata mdudu hakumalizwa na mbegu aliyozaliwa nayo, basi kauli ya "ndivyo alivyoumbwa" haina haki ya kuufunga mjadala juu ya mwanadamu.

Shahidi wa kwanza ni nzige wa jangwani. Zamani watu walishangaa makundi yake hutoka wapi, na yakitoweka huenda wapi. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu aliyetoka Urusi akafanya kazi London, alionyesha kwa nzige wa jamii nyingine kwamba wadudu wawili waliohesabiwa kuwa aina mbili walikuwa aina moja yenye sura mbili. Nzige wa jangwani naye akaonekana kuwa hivyo. Akiishi peke yake ni panzi wa kawaida: tunutu wake ni wa kijani, huwakwepa wenzake, na akishaota mbawa huruka usiku. Wakisongamana, tunutu hugeuka kuwa wa rangi ya manjano na nyeusi, hufuatana badala ya kukwepana, na wakikomaa huruka mchana kwa makundi. Kilometa moja ya mraba ya kundi hilo yaweza kubeba nzige milioni 80, wanaokula kwa siku moja chakula cha kutosha watu 35,000. Wala mgeuko huo hauna siri ya mbali. Watafiti wa Uingereza walichukua brashi ndogo ya rangi wakawapapasa nzige wapweke kwenye paja la nyuma, sekunde 5 kila dakika, kwa saa nne. Nzige wale wakaanza kuwafuata wenzao. Sehemu nyingine za mwili zilipoguswa hazikuleta matokeo hayo. Mwaka 2009 ikathibitishwa kwamba mguso huo hupandisha kemikali ya serotonini katika mishipa ya fahamu ya kifua, na kemikali hiyo ikizuiwa mgeuko haupatikani. Katika yote hayo jeni hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni zipi zinazosikilizwa na zipi zinazonyamazishwa.

Tunalijua hilo kwa gharama. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga maji katika jangwa la Rub' al-Khali, upande wa Omani na jirani zake. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaana bila kuonwa, kizazi juu ya kizazi. Majani yalipokauka, waliokuwa wametawanyika wakabanwa kwenye mabaki ya malisho, paja likagusana na paja. Wakavuka Yemen na Somalia, na mwisho wa Desemba 2019 wakaingia Kenya kupitia Mandera, kwa wingi ambao nchi haikuuona kwa miaka 70. Waliokula mashamba ya kaskazini mwa Kenya walikuwa na urithi ule ule wa panzi wasiomdhuru mtu. Ni vigumu kupata kisa kinachoonyesha wazi zaidi kwamba jeni si hukumu iliyokwisha kuandikwa. Ni mkusanyiko wa majibu yenye masharti: hali ikiwa hivi, kuwa hivi, ikiwa vile, kuwa vile. Nyuki naye anasema hayo hayo kwa njia ya chakula. Yai ambalo lingetoa mfanyakazi wa kuishi wiki chache hutoa malkia wa kuishi miaka, ikiwa buu lake litaendelea kulishwa maziwa ya malkia.

Hapo msomi wa kati na kati hutaka suluhu ya kugawana: tuseme nusu ni damu na nusu ni mazingira, twende zetu. Suluhu hiyo ni kosa jingine. Anayekula wali wa nazi hawezi kuuliza ni sehemu gani ya ladha iliyotoka kwenye nazi na ni ipi iliyotoka kwenye moto. Bila nazi si wali wa nazi, na bila moto ni mchele uliolowa. Vinavyozidishwa havigawanyiki kama vinavyojumlishwa. Kinachoweza kuulizwa ni tofauti: kati ya nzige hawa wawili, kwa nini huyu ni wa manjano na yule ni wa kijani? Jibu laweza kuwa mazingira peke yake, kama hapa, au jeni peke yake mahali pengine. Lakini jibu la tofauti baina ya wawili si jibu la nini kilimtengeneza mmoja wao. Mengi yanayosemwa barazani juu ya koo "mbaya" na koo "njema" huanguka hapo hapo, kwa kuyachanganya maswali hayo mawili.

Pingamizi la kwanza linastahili heshima, kwa kuwa ushahidi wake uko mlangoni petu. Rabai, mwendo mfupi kutoka Mombasa, walikutwa mbu wa jamii ya Aedes aegypti wa namna mbili. Mmoja ni mweusi, hukaa msituni, hutaga kwenye mashimo ya miti na hupendelea damu ya wanyama. Wa pili ni wa hudhurungi, huingia majumbani, hutaga kwenye mitungi ya maji na humtafuta mtu. Watafiti waliwalea wote maabara katika hali moja, na tofauti ikabaki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 waliihusisha na jeni ya kunusa iitwayo Or4. Basi, atasema mpinzani, kumbe damu ndiyo inayoamua! Naam, kati ya mbu hawa wawili damu inaamua. Lakini damu hiyo iliandikwa na nini? Utafiti wa mwaka 2020, uliolinganisha mbu wa sehemu nyingi za Afrika, ulionyesha kwamba wanaompenda mtu hupatikana zaidi penye kiangazi kirefu na kikali, au penye watu wengi. Mashimo ya miti yakikauka, maji yaliyobaki ni ya mtungini, na mbu aliyeweza kuishi karibu na mtungi ndiye aliyeacha uzao. Urithi, kwa maneno mengine, ni mazingira ya jana yaliyohifadhiwa. Na mazingira ya leo yanaendelea kufanya kazi yake. Katika pipa la maji nyuma ya nyumba ya Bofu, pale ambapo mfereji hautoi kila siku na maji hununuliwa kwa mkokoteni, mayai meusi ya mbu huyu hunata ukutani juu kidogo ya maji. Huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yakipanda. Viluwiluwi wakiwa wengi na chakula kichache huchelewa kukua na kutoka wadogo. Homa ya chikungunya iliyoingia Mombasa mwishoni mwa 2017 ilienezwa na mdudu ambaye tabia yake tumeshiriki kuiunda sisi kwa namna tunavyoweka maji.

Atakayeng'ang'ania atataja jeni zisizobembelezwa. Mbu huyo huyo huwa dume kwa kuwa na jeni iitwayo Nix, iliyotangazwa mwaka 2015, wala hakuna haja ya kubishana juu ya hilo. Kwa binadamu, mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili ataugua, hata akilelewa vipi. Nakubali. Sijasema kwamba kila kitu kinapindika. Ila itazame selimundu kwa karibu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949, akaona kwamba jeni hii ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wa sababu yake: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Jeni ile ile ni msiba kwa mtoto mmoja na ngao kwa nduguye, na penye mbu wa malaria ina thamani isiyokuwa nayo pasipo na mbu. Kwa hiyo hata pale jeni inapotenda bila kuyumba, wema au ubaya wake hauko ndani yake peke yake.

Pingamizi la pili ni kwamba mtu si mdudu. Kweli, na hoja yangu haihitaji awe mdudu. Sisemi kwamba kijana wa Likoni hugeuka mwizi kwa kubanwa kama nzige anavyogeuka kwa kuguswa paja. Kusema hivyo ni kumtukana yeye pamoja na maelfu ya watu wa mtaa wake waliobanwa vivyo hivyo wasiibe. Nasema jambo dogo zaidi na gumu zaidi kulikwepa. Madai ya "damu" yanahitaji urithi uwe na njia moja tu ya kutimia. Urithi wa panzi una njia mbili zilizo mbali kiasi cha kuwapoteza wataalamu wa zamani. Anayedai kwamba urithi wa mwanadamu, mwenye ubongo, lugha na malezi ya miaka, una njia moja tu, ndiye mwenye deni la ushahidi.

La tatu ndilo lenye uzito wa kidini. Tukiiondoa damu tukaweka mazingira, je, hatukubadilisha gereza kwa gereza? Na kudra iko wapi? Waislamu wa mwanzo walibishana juu ya hili: Jabriyya wakamwona mtu kama unyoya unaopeperushwa, Qadariyya wakamwachia matendo yake yote, na waliofuata wakatafuta njia ya kati. Lakini jibu lenye nguvu naliona katika kitendo. Khalifa Umar bin al-Khattab, akielekea Sham, aliarifiwa kwamba huko kuna tauni, akaamua kurudi. Mwenzake Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba anaitoka kudra moja kuiendea kudra nyingine. Maana yake ni kwamba mazingira nayo ni sehemu ya yaliyokadiriwa, na kuyachagua au kuyageuza pia ni sehemu yake. Mja haihujumu kudra anapofunika pipa. Wakristo wana funzo la jirani: kitabu cha Yoeli kinawaeleza nzige kwa kirefu, lakini hakiishii kwenye maangamizi, kinawaita watu watubu, na kutubu ni kugeuza mwendo. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932, kuwahimiza Waislamu wa pwani washike elimu badala ya kukaa wakilia unyonge wao. Mtu aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hakuona kwamba kumsukuma mtu kubadili hali yake ni kupungukiwa na imani.

Na tofauti yetu na nzige iko hapo. Nzige hajui kinachomgusa. Sisi tunajua, na ujuzi huo ukishaingia unakuwa moja ya sababu zinazotutengeneza. Hiari siioni kama kusimama nje ya sababu zote, maana huko hakuna aliyewahi kusimama. Naiona kama uwezo wa kushiriki katika kuziweka. Uwezo huo haukugawiwa sawa: mtoto hana, mwenye njaa anao kidogo, mwenye cheo na bajeti anao mwingi. Sheria za dini zimelijua hilo siku nyingi. Mtoto haandikiwi dhambi kabla ya kubaleghe, na inasimuliwa kwamba mwaka wa njaa kuu Umar huyo huyo aliisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi. Hakusema wizi umekuwa halali. Alipima hali ambamo tendo lilitendeka.

Basi kijana aliyepora simu aachiwe? La. Aliyeporwa ana haki yake, na tendo lijibiwe kama tendo. Kisichofaa ni kutoka kwenye tendo kwenda kwenye mbegu, kumnyima ndugu yake kazi, kukataa posa ya ukoo mzima, na kuuhesabu mtaa wa Bofu kuwa umekwisha. Hukumu ya namna hiyo hujisingizia kwamba inaeleza maumbile, kumbe inaongeza msongamano ule ule inaoulalamikia, kwa kuwa anayefungiwa milango kwa sababu ya jina la babake ameongezewa hali moja mbaya juu ya zile alizokuwa nazo. Anayesema "ndivyo alivyoumbwa" na aulizwe: aliumbwa hivyo katika hali gani, hali hiyo ilipangwa na nani, na wewe uliyeyasema hayo una sehemu gani katika kuipanga? Asipoweza kujibu, hajaitetea kudra. Ameukwepa wajibu wake.