Mayowe na Wajibu wa Msikilizaji

Katika vijiji vinavyozunguka Kitale na Bungoma, yowe si sauti tu bali ni wito. Anayepiga mayowe usiku hataki kusikilizwa. Anataka watu waje. Jirani aliyelisikia yowe hilo akajifunika blanketi huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Katika maadili hayo, kusikia na kwenda ni tendo moja. Makala haya yanauliza: mtu aliyelelewa hivyo anapoingia ukumbi wa muziki Nairobi au Kampala, akalipa kiingilio ili asikie mayowe, anatenda jambo gani kimaadili?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2020 kundi la Duma la Nairobi, yaani Martin Kanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yenye jina hilohilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa msemaji wa Kiswahili duma ni mnyama. Wao walikusudia giza, kwa maana ya Kikuyu. Mwaka 2024 Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake binafsi, The Adept. Muziki huu wa majaribio ni jirani wa haipapopu. Haipapopu huibadili sauti ya mwimbaji kwa kompyuta hadi umri na jinsia yake visitambulike. Kanja huitoa sauti kooni kama yowe, katikati ya midundo ya mashine iendayo kasi mno. Katika aina zote mbili maneno hufifia, ikabaki sauti yenyewe. Fanani anapiga mayowe jukwaani, na hadhira, badala ya kukimbilia kumwokoa, inarukaruka kwa furaha.

Mwafrika mmoja wa kale angelitilia shaka jambo hilo. Augustino, mzaliwa wa Thagaste, alijilaumu katika Maungamo yake kwa mapenzi aliyokuwa nayo ujanani kwa tamthilia za majonzi. Hoja yake ni kwamba mtazamaji wa tamthilia haitwi asaidie; anaalikwa ahuzunike tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Kwa mujibu wa hoja hii, kiingilio hununua ruhusa ya kutoitikia. Sikio likizoea kusikia bila kwenda ukumbini, litashindwaje kuzoea hivyo kijijini?

Hoja hiyo ni nzito, lakini inachukulia kwamba kila mkusanyiko unaozunguka maumivu bila kuyaondoa ni wa watazamaji tu. Jando la Wabukusu linaonyesha vingine. Mwezi Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, mtahiriwa hurudi kutoka mtoni alfajiri akiwa amepakwa tope, huku wanaomsindikiza wakiimba Sioyaye. Mbele ya kisu hatakiwi kulia wala kutikisika. Maumivu yapo, yowe halipo. Hakuna anayemwokoa, wala hakuna anayeweza kusema kwamba ameachwa. Waimbaji wanamjua kwa jina na kwa ukoo, na kesho watamdai na yeye atawadai. Kwa hiyo kinachotenganisha ushiriki na utazamaji si kama mtu alifurahi au alihuzunika, bali ni deni linalobaki baada ya wimbo kwisha.

Tukumbuke pia kwamba yowe halisi nalo lingeweza kukosa mwitikio. Kati ya mwaka 2006 na 2008, Mlima Elgon, ambao chini yake iko miji hii miwili, ulishuhudia mauaji na ukatwaji wa masikio uliofanywa na kundi la Sabaot Land Defence Force. Machi 2008 jeshi lilianza Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za wanaume waliokusanywa na kuteswa katika kambi ya Kapkota, wengine wasionekane tena. Waliokuwa mbali na mlima hawakunyamaza kwa sababu ya kuzoea muziki wa mayowe. Wengi walinyamaza kwa hofu. Wengine kwa kuona kwamba yowe lile lilikuwa la watu wengine.

Hapo ndipo tunapoafikiana na Augustino kwa sehemu tu. Ukumbi haumfundishi mtu uziwi asiokuwa nao; lakini haumdai chochote pia, na hilo ndilo pungufu lake. Yowe la fanani ni sauti aliyonyimwa mtahiriwa na iliyozimwa Kapkota. Kulisikia pamoja na wageni mia kunaweza kumkumbusha mtu kwamba sauti hiyo ni ya binadamu hata pale asipomjua mwenyewe, jambo ambalo Sioyaye, wimbo wa wanaojuana, haulazimiki kulifundisha. Mhakiki basi asitoe hukumu mlangoni mwa ukumbi. Msikilizaji atapimwa atakaporudi nyumbani, usiku, yowe litakapotoka upande wa pili wa ua, kwa mtu asiye wa ukoo wake.