Kopo Lenye Kitako cha Juu



Amri ya saba yatukataza kuiba, na wengi wadhani mwizi ni yule tu avunjaye mlango usiku. Basi twende sokoni mchana. Huko unga, maharagwe na chumvi hupimwa kwa kopo. Liko kopo lililogongwa kitako hata kikapanda ndani. Liko jingine lililotiwa karatasi chini. Mnunuzi aliona limejaa mpaka mdomo, kumbe limepungua. Mwenye kupunguza sehemu moja ya kumi, akiisha kuuza makopo kumi, amejibakizia unga wa kopo zima, nao umekwisha kulipiwa.

Nchi yetu haikukosa sheria. Mwaka 1974 iliundwa Office Congolais de Contrôle, ambayo kazi yake ni kukagua ubora na wingi wa bidhaa. Tarehe 9 Julai 2018 ikatolewa sheria juu ya uhuru wa bei na mashindano ya biashara. Lakini mkaguzi akaa mjini, na soko la kijiji li mbali. Pengine afika, apokea kitu mkononi, arudi zake. Huyo naye ana hesabu yake mbele ya Mungu.

Hivyo muuzaji ajitetea: "Hakuna anayekagua, tena kila mtu ajua makopo ya hapa yalivyo. Nimemdanganya nani?" Kama kila mtu ajua, kwa nini kitako kimefichwa chini ya unga? Na mtoto aliyetumwa na mama yake, ajua? Nabii Amosi, zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristu, aliwakaripia wachuuzi waliopunguza kipimo cha nafaka. Hakuwauliza kama mkaguzi alipita. Sheria ya serikali yaja kumlinda anayeibiwa. Wizi ulikuwa wizi kabla yake.

Lililo gumu ni kurudisha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini aliyewapunja watu asiowajua amrudishie nani? Mafundisho ya Eklezia ni haya: kisichoweza kumrudia mwenyewe kiende kwa maskini. Nami naona kwamba wanunuzi wa kijijini ni wale wale juma kwa juma. Basi kopo na lizidi mdomo, kwa bei ile ile, kwa muda ule ule lililopungua. Asiite jambo hilo hasara, kwa maana unga ule haukuwa wake.

Simlaumu mwenye kuuza ghali kidogo. Aliyesukuma gunia kwa baiskeli siku mbili astahili faida, mradi ataje bei waziwazi. Na kwa habari ya makopo, wauzaji wa kijiji kimoja wakutane Jumamosi, wayajaze maji na kuyamiminiana mbele ya watu.