Uji wa Mtama Mwekundu

Bibi yangu aliposimulia kisa cha Sultani Darai, kwenye almasi na joka la vichwa saba alipita mbio. Alipofika kwenye uji ndipo alipotulia. Alitutazama mmoja mmoja, akashusha sauti kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa.

Kisa chenyewe ni cha Unguja. Edward Steere alikiandika kama alivyosimuliwa, akakichapisha London mwaka 1870. Hamdani, maskini wa kutupwa, anachakura jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, sehemu ya nane ya riale, akanunulia paa. Paa yule ana maneno na ana akili. Anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani kumposea bwana wake, anamwozesha binti wa kifalme, anaua joka na kumpa bwana jumba la joka hilo. Kazi ya Hamdani ni kunyamaza na kuvikwa nguo.

Kisha paa anaugua. Bikizee wa jumbani anapanda juu kumwarifu bwana, naye anajibu: mpikie uji wa mtama mwekundu. Mkewe anashtuka, maana hata farasi haugusi. Bwana anashikilia kwamba mchele ni wa watu. Mtama! Ndicho chakula alichokuwa akikichakura yeye mwenyewe jaani, na sasa anautaja kama mtu asiyewahi kuuonja.

Nimesikia kisa hiki kikifundishwa kuwa mtovu wa shukrani huadhibiwa. Naona tunakipunja. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Sultani anakuja, anaingia mwenyewe kisimani kumtoa, anamlilia pamoja na watu wake. Hakuna anayemwinulia Hamdani upanga. Analala jumbani, anaota anachakura jaani, anaamka na kujikuta yuko jaani kweli. Jumba halikunyang'anywa na mtu; lilikuwa limesimama kwa pumzi ya paa.

Kinachonitisha mimi ni zile siku kati ya uji na ndoto. Milango bado ilifunguliwa, vitanda vilitandikwa, chakula kilipakuliwa. Aliyempita Hamdani barazani angesema huyu bwana mambo yake yamemnyookea. Kumbe yalikwisha zamani, jikoni, kwenye bakuli ambalo yeye hata hakulitia machoni.

Shangazi yangu alinisomesha kwa vitumbua. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshakaa kwenye kibao mbele ya moto, mkono wa kulia umejaa madoa ya kuungua mafuta, mengine meusi, mengine bado mabichi. Mwaka nilioanza kazi aliumwa mguu, akawa hawezi kusimama. Aliponipigia nilikuwa nakwenda kwenye kikao. Nikamtumia pesa kidogo kwa simu, nikaingia kikaoni. Nauli ya basi nilikuwa nayo, na siku za mapumziko nilikuwa nazo. Alinijibu, ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Akapona, na hadi leo hajalitaja.

Idi iliyopita nilimkuta uani amezungukwa na wajukuu, paukwa, pakawa, anawasimulia kisa hichohicho. Alipofika kwenye mtama mwekundu akashusha sauti vilevile kama bibi. Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikashindwa kumtazama usoni. Nikabaki naitazama mikono yake.