Amana ya Mwenye Kusikia

Ni desturi ya watu kumdai msemaji ukweli, na kumdai mfasiri uaminifu; walakini ni wachache wamdaio kitu mwenye kusikia. Yeye huhisabiwa kuwa kama mtungi, kazi yake kutiwa maji na kunyamaza. Lakini mwenye akili akiyapima mambo ataona ya kuwa maneno mengi huharibikia katika sikio, hali yalitoka katika ulimi yakiwa mazima. Na khasa pale wakutanapo watu wa lugha mbili na ada mbili. Basi suali ni hili: Je, mwenye kusikia ana dhima kwa namna alivyosikia, au dhima yote ni ya aliyesema?

Na atazamwe mtu wa pwani, wa Tanga au wa Mombasa, aendaye bara kwa biashara hata akafika Terrat, kusini ya mji wa Arusha. Wenyeji wengi wa upande huo ni Waarusha na Wamasai, na lugha yao ni Kimaa. Na kuelekea mashariki, katika miteremko ya mlima, wako Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu, jamaa ya Kichaga. Mtoto wa Kimasai akimwendea mtu mzima humwinamishia kichwa, akangoja kuguswa utosini. Mtu wa pwani, aliyezoea kusikia "shikamoo" na kujibu "marahaba", huenda akangoja neno lisilokuja, akaondoka akisema kwamba watoto wa huko hawana adabu. Na yule mtoto, ambaye kichwa chake hakikuguswa, akarudi kwao na khabari ya kwamba wageni wa pwani wana kiburi. Hapo hapana aliyesema uwongo, wala hapana aliyetukana; na juu ya hayo matusi mawili yamezaliwa. Kila mmoja alilipa heshima kwa sarafu ya kwao, na mwenziwe asiitambue kuwa ni sarafu.

Wako wasemao kwamba dawa ya haya ni lugha moja: watu wote na waseme Kiswahili, na ugomvi utakwisha. Ni kweli kwamba Kiswahili kimewafungulia watu wa Arusha milango mingi, sokoni, shuleni na barazani. Lakini kuyafahamu maneno ni jambo moja, na kumsikia mtu ni jambo jingine. Mwaka 1951 Wameru walitolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, akaupeleka mshitaka mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Madai yao yalifasiriwa na kufahamika. Walakini azimio la kutaka ardhi irudishwe halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Masikio yalikuwapo, wala lugha haikupungua. Kilichopungua ni kukubali kufungwa na kile kilichosikiwa.

Na dalili iliyo kubwa zaidi ni ya Rwanda. Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, Kinyarwanda, na nchi moja, na desturi nyingi za pamoja. Redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza mwezi wa Julai 1993, nayo haikuhitaji mkalimani. Iliwaita Watutsi "inyenzi", neno ambalo asili yake ni mende. Na katika mwaka 1994, kwa muda wa siku mia hivi, waliuawa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi. Basi lugha moja haikuwaokoa. Bali ilikuwa ndiyo njia nyepesi ya kuipitisha sumu, kwani neno lisilohitaji kufasiriwa huingia pasi na kuulizwa kitu mlangoni.

Mwezi wa Novemba 1994 Baraza la Usalama liliunda mahkama ya kuhukumu mauaji hayo, nayo ikawekwa Arusha, ikafanya kazi hata mwisho wa mwaka 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, waliketi mahakimu watatu: mmoja wa Senegal, mmoja wa Sweden, mmoja wa Afrika Kusini. Kinyarwanda hakikuwa lugha ya mmoja wao. Maneno ya mashahidi yalitoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa, kisha Kifaransa kwenda Kiingereza, na katika kila kivuko palikuwa na khatari ya maana kuzama.

Mahakimu hao hawakuliweka tatizo hilo juu ya mabega ya mashahidi peke yao. Walimwita mtaalamu wa lugha, Dakta Mathias Ruzindana, awaeleze maana za maneno kama "inyenzi", "inkotanyi" na "ibyitso", na jinsi maana zilivyobadilika kwa wakati na mahali. Wakajifunza kwamba shahidi wa Kinyarwanda huenda akasimulia yale aliyoambiwa na wenziwe kana kwamba ameyaona. Basi wakauliza tena, ili wapambanue kilichoonwa na kilichosikiwa. Na shahidi aliyeshindwa kutaja tarehe, au masafa, au kuifahamu ramani, hawakumhisabu kuwa mwongo kwa sababu hiyo tu. Hukumu yao ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahkama ya mataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Huenda mtu akapinga akasema: Ikiwa maana hutegemea mahali na wakati, basi kila mchochezi atapata pa kujificha; atasema, "Neno langu lilikuwa jema, wao ndio waliolisikia vibaya." Jawabu limo katika kesi ile ile. Akayesu aliwataka watu waliokusanyika Gishyeshye, tarehe 19 Aprili 1994, waungane kumwondoa adui mmoja, msaidizi wa Inkotanyi. Mahkama ikaona kwamba watu waliuelewa wito huo kuwa ni wa kuwaua Watutsi, na kwamba msemaji mwenyewe alijua utaeleweka hivyo. Basi anayejua neno lake litakavyosikiwa hawezi kujikinga kwa tafsiri ya kamusi. Na aliyesikia akachukua panga hawezi kujikinga kwa kusema, "Niliambiwa." Dhima si mkate, hata sehemu ya huyu ikizidi ya yule ipungue, kila mmoja hubeba yake kamili.

Na mambo haya si mageni kwa Waislamu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi, akawa msomaji na mwandishi wa barua zao. Tazama: hakungojea wengine wote wajifunze Kiarabu, bali mzigo wa kufahamu uliwekwa kwanza upande wake. Na katika Sura ya Al-Hujurat waumini wameamrishwa kuichunguza khabari kabla ya kuitenda. Amri hiyo imemwelekea asikiaye.

Leo mtu hana haja ya kusafiri hata Terrat ndipo akutane na watu wa lugha na ada nyingine. Sauti na picha zao humfikia barazani kwake kwa simu ya mkononi, zimekatwa mwanzo na mwisho, na juu yake imeandikwa maana na mtu asiyejulikana. Hapo ndipo amana hii inapojaribiwa. Anayeipeleka kwa wengine kabla hajauliza neno hili lina maana gani kwao, na nani aliyelifasiri, amefanya hukumu bila ya kumwita shahidi. Mahakimu watatu walifanya kazi miaka kwa ajili ya kuyajua maneno machache ya watu wasio wao. Muumini hakosi nafasi ya kungoja saa moja kabla ya kumdhania mwenziwe ubaya.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.